Herufi na Neno: Uhakiki wa Ufundi wa Kubadili Matini kwa Ruwaza

Kazi ya mwalimu wa lugha si kufundisha peke yake. Ni kunakili pia. Shairi hunakiliwa kwa ajili ya darasa, hadithi ndefu hufupishwa, orodha ya msamiati hupangwa upya, na mtihani wa mwaka uliopita hugeuzwa ukawa zoezi la mwaka huu. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu, kisha kwa taipureta na karatasi za stensili. Leo wengi wetu twaifanya kwa kompyuta, na pamoja na kompyuta umetujia ufundi mmoja unaostahili kujadiliwa na walimu wa Kiswahili: ufundi wa kutafuta na kubadili matini kwa ruwaza.

Madhumuni ya makala haya ni kuuhakiki ufundi huo kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote inayohusu lugha. Tutaueleza, tutausifu panapostahili sifa, na tutaonyesha kasoro zake bila kuficha. Rai yetu yaweza kuelezwa kwa maneno machache: ruwaza huiona herufi, hailioni neno. Pale ambapo kanuni ya lugha imo katika herufi zenyewe, ruwaza ni msaidizi asiye na kifani. Pale ambapo kanuni imo katika maana, katika ngeli au katika sanaa ya mtunzi, ruwaza huharibu, tena huharibu kwa usafi mkubwa hata msomaji asitambue. Anayeweza kuuona mpaka kati ya pande hizo mbili si fundi wa kompyuta; ni mwalimu wa lugha.

Ruwaza ni nini?

Kila mtu aliyewahi kuandika kwa kompyuta anajua amri ya kutafuta neno moja na kuweka jingine mahali pake. Ruwaza ni hatua ya mbele zaidi. Badala ya kutaja neno, mwandishi hutaja umbo la neno. Programu zinazotumiwa na waandishi wa programu, kama Vim, Emacs, Notepad++ na Visual Studio Code, zote zina uwezo huo.

Tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu ana orodha ya majina ya ngeli ya KI-VI katika umoja, naye ataka orodha ya wingi. Anaandika ruwaza hii ya kutafuta:

\bki(\w+)

na hii ya kubadili:

vi$1

Alama \b ni mpaka wa neno. Herufi ki zasimama kama zilivyo. Alama \w+ ni herufi moja au zaidi zinazofuata, na mabano huyahifadhi yale yaliyopatikana. Alama $1, ambayo katika programu nyingine huandikwa \1, huyarudisha yaliyohifadhiwa. Mara moja kitabu huwa vitabu, kiti huwa viti, na kikapu huwa vikapu, hata kama majina ni elfu mbili.

Lakini tuitumie ruwaza hiyo hiyo katika insha badala ya orodha. Neno kila litakuwa vila. Neno kimya litakuwa vimya. Neno kisha litakuwa visha, na mtu aliyekula kisha akalala atakuwa amekula visha akalala. Ruwaza haikukosea, imefanya lile iliyoamriwa. Aliyeiandika ndiye aliyedhani kwamba ki ya mwanzo wa neno ni kiambishi siku zote.

Asili yake

Si ajabu kwamba chombo hiki hakijui maana, kwa kuwa hakikuzaliwa katika elimu ya lugha. Mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, ndiye aliyeweka msingi wake katika maandishi ya mwaka 1951 yaliyochapishwa mwaka 1956, alipokuwa akichunguza kwa njia ya hisabati mitandao inayofananishwa na neva za ubongo. Mwaka 1968 Ken Thompson, wa maabara ya Bell, alichapisha njia ya kuifanya kompyuta itafute matini kwa kanuni hizo. Programu ya grep, ambayo jina lake latokana na amri ya kutafuta katika programu ya kuhariri iitwayo ed, ilitokea katika mfumo wa Unix mwaka 1973.

Tangu mwanzo, basi, somo la ufundi huu lilikuwa mfuatano wa alama. Kwake yeye, m ikifuatwa na b ni alama mbili zilizoandamana. Haijui kama m hiyo ni kiambishi cha mtu, au ni sehemu ya shina, au ni kiambishi cha mtendwa. Hilo si tusi kwa waliokibuni chombo hiki. Ni tahadhari kwetu tunaokitumia.

Penye sifa

Tuanze na haki yake. Shairi la mizani kumi na sita huandikwa mara nyingi mshororo mzima katika mstari mmoja, ukwapi na utao vikitengwa kwa mkato. Mwalimu akitaka kulipanga upya ili wanafunzi waone kila kipande katika mstari wake, aweza kuiamuru kompyuta iweke mstari mpya mahali pa kila mkato. Mshororo kama huu, tulioutunga kwa ajili ya mfano, utapangika vizuri:

Mwalimu shika kalamu, andika yaliyo tamu.

Lakini huu utavunjika:

Njoni, ndugu, tujadili, lugha yetu ya asili.

Mikato ni mitatu, na ni mmoja tu unaotenga ukwapi na utao. Ruwaza ya kwanza itatoa mistari minne badala ya miwili. Fundi mwangalifu ataandika hivi:

^(.*), (.*)$

Hapa alama ^ ni mwanzo wa mstari, $ ni mwisho wake, nukta ni alama yoyote, na nyota yasema irudiwe kadiri inavyowezekana. Kwa kuwa .* ya kwanza hujitwalia kingi iwezavyo, mkato utakaoshikwa ni ule wa mwisho. Mshororo wetu utagawanyika baada ya tujadili, palipo pake. Diwani nzima yaweza kupangwa upya hivyo kabla chai haijapoa, na kazi iliyobaki ni kukagua mishororo michache yenye mkato ndani ya utao. Huu ni msaada wa kweli kwa mwalimu mwenye madarasa manne na jioni moja.

Kuna sifa nyingine kubwa kuliko kasi, nayo ni uaminifu. Ruwaza haibuni. Hufanya kile kilichoandikwa, si zaidi wala si pungufu, na ikirudiwa kesho itafanya vivyo hivyo. Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna programu za akili bandia ambazo mtu huziomba kwa maneno ya kawaida zimpangie matini yake. Ni kweli zipo, nazo hukisia maana kwa namna ambayo ruwaza haiwezi. Lakini programu hizo zaweza kubadili neno ambalo hukuomba libadilishwe, wala zisikuambie. Ruwaza yaweza kusomwa, kuhojiwa na kusahihishwa na mwenzako. Kwa mtu anayehifadhi maneno ya mtunzi mwingine, sifa hiyo si ndogo.

Ulafi na kistari

Sasa tuzitazame kasoro. Tabia ile ya .* kujitwalia kingi iwezavyo mafundi wenyewe huiita ulafi. Iliyotufaa katika mshororo yaweza kutudhuru katika nathari. Tuseme mwalimu ataka kuondoa maelezo yote yaliyomo katika mabano. Ana sentensi hii katika mstari mmoja:

Ubeti (wingi wake beti) una mishororo, na mshororo (wingi wake mishororo) una vipande.

Akiandika ruwaza \(.*\) na kuifuta, ulafi utaanza katika mabano ya kwanza yanayofungua na hautakoma hadi mabano ya mwisho yanayofunga. Kitakachobaki ni hiki:

Ubeti una vipande.

Hiyo ni sentensi safi ya Kiswahili. Haina kosa la tahajia wala la upatanisho wa kisarufi, na chombo cha kukagua tahajia hakitaitilia mstari mwekundu. Ila mshororo umetoweka katika somo la ushairi. Dawa yake yajulikana: \([^)]*\), yaani chukua kila kitu isipokuwa mabano yanayofunga. Lakini dawa hutafutwa na aliyegundua maradhi.

Mfano wa pili ni wa kistari. Vitabu vya zamani vilivyonakiliwa kwa mashine huja na maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari: wana- juu, funzi chini. Ruwaza -\n, yaani kistari na mwisho wa mstari, ikifutwa, maneno huungana tena, na kurasa mia husafishwa kwa dakika moja. Lakini ikiwa kitabu chenyewe ni cha sarufi, huenda mstari ukaishia hivi: “Kitenzi hiki kina kiambishi a-” na unaofuata ukaanza “na mzizi -som-.” Baada ya kusafishwa, mwanafunzi atasoma: “Kitenzi hiki kina kiambishi ana mzizi -som-.” Kiambishi cha nafsi kimeungana na kiunganishi, na kwa kuwa ana ni neno halali, hakuna mashine itakayolalamika.

Ritifaa

Kiswahili sanifu kina bahati moja katika jambo hili. Herufi zake zote ni zile za kawaida zisizo na alama juu wala chini. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu, wanaofundisha pia kwa Kifaransa, wanajua taabu iliyopo, kwani katika baadhi ya programu alama \w haiihesabu é kuwa herufi ya neno, na neno kama élève hukatwa vipande.

Hata hivyo bahati yetu si kamili. Tuna ritifaa katika ng'. Kwa ruwaza, ritifaa si herufi. Ni mpaka wa neno. Basi ng'ombe kwake ni maneno mawili, ng na ombe, na hesabu ya maneno ya insha huongezeka bila mwandishi kuandika. Tena programu nyingi za uandishi hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na anayetafuta moja hatapata nyingine. Mbaya zaidi ni mtu anayefuta alama zote za uakifishaji ili apate orodha safi ya maneno. Ng'oa, ambayo ni kutoa mmea pamoja na mizizi yake, itakuwa ngoa, ambayo ni wivu au tamaa. Orodha itakuwa safi, na neno litakuwa limepotea.

Mizani

Hapa twafika penye kiini cha hoja. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, mtu aweza kudhani kwamba kuhesabu mizani ni kuhesabu irabu tu, na kwamba ruwaza [aeiou] yatosha kukagua utenzi mzima. Tuvitazame vipande hivi viwili, ambavyo pia ni vyetu:

Mtu mbaya si mwema,
nyumba mbaya si salama.

Mwimbaji yeyote atakuambia kwamba kila kipande kina mizani minane. Kompyuta ikihesabu irabu itapata sita katika cha kwanza na nane katika cha pili, na itatangaza kwamba cha kwanza kimepungukiwa. Tuisaidie. Tuiambie kwamba m ikifuatwa na konsonanti ni mizani, isipokuwa ikifuatwa na w au b. Sasa mtu itahesabiwa mbili, na kipande cha kwanza kitakuwa na saba. Bado. Tuiambie kwamba m ya mwanzo wa neno ikifuatwa na b nayo ni mizani. Kipande cha kwanza kitatimia minane, lakini cha pili kitakuwa na tisa.

Sababu ni nini? Neno mbaya limeandikwa mara mbili kwa herufi zile zile tano. Katika mtu mbaya, m ni kiambishi cha ngeli ya mtu, nayo husimama peke yake: m-ba-ya, mizani mitatu. Katika nyumba mbaya, m imeungana na b: mba-ya, mizani miwili. Hakuna kanuni ya herufi itakayoyatenga maneno hayo, kwa sababu herufi haziyatengi. Kinachoyatenga ni upatanisho, na upatanisho hutoka katika jina linalosifiwa, ambalo katika ushairi laweza kuwa limetangulia, limefuata, au limeachwa katika ubeti uliopita.

Mwenye kuhariri utenzi kwa kuamini hesabu ya mashine ataongeza silabi mahali ambapo mtunzi hakupungukiwa, na ataondoa mahali ambapo hakuzidisha. Wanafunzi wetu watalisoma shairi hilo, watalihesabu kwa vidole, nao watahukumu kwamba mtunzi hakujua kazi yake. Lawama ya mhariri itamwangukia mtunzi, ambaye huenda yumo kaburini na hana wa kumtetea.

Lahaja na vina

Hali kadhalika katika lahaja. Tenzi nyingi za kale ni za Kiamu na Kimvita, na mwalimu wa bara hupenda kuziweka karibu na usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja. Kwa ruwaza kazi yaonekana nyepesi: nti iwe nchi, ndia iwe njia. Asipoweka mpaka wa neno, binti atakuwa binchi. Akiuweka, kosa hilo litaondoka, lakini litabaki jingine. Ikiwa vipande vitatu vya ubeti vinaishia kwa kiti, miti na nti, kina ni ti. Baada ya kubadili, cha tatu kitaishia kwa chi, na kina kimevunjika. Halafu kuna maneno kama teka, ambayo katika tenzi hizo yaweza kuwa cheka ya Kiunguja, au yaweza kuwa teka ile ile ya maji na ya mateka. Ni sentensi pekee itakayoamua.

L na R

Walimu wa nchi jirani wana mfano wao wa kila siku. Katika tahajia ya Kiganda, herufi r huandikwa baada ya e au i, na l huandikwa penginepo, isipokuwa katika baadhi ya majina na maneno ya kigeni. Neno omuliro, yaani moto, lina zote mbili. Mwanafunzi akiandika omulilo, ruwaza ([ei])l ikibadilishwa kuwa $1r itamsahihisha bila kujua moto ni nini. Hapa kanuni imo katika herufi jirani, na ruwaza yatosha.

Kanuni hiyo hiyo ikiletwa katika Kiswahili, mbili itakuwa mbiri, na elimu itakuwa erimu. Katika Kiswahili l na r hutenga maana: kalamu si karamu, na mahali si mahari. Mwanafunzi akiandika “Mwalimu alitupa karamu,” hakuna ruwaza itakayojua kama walipewa cha kuandikia au walipewa chakula. Atakayejua ni mwalimu aliyeisoma insha yote. Chombo kimoja, herufi zile zile mbili, lugha mbili za majirani. Katika moja ni msahihishaji, katika nyingine ni mharibifu.

Tufanyeje?

Hatusemi ufundi huu uachwe. Twasema utumiwe na watu wanaoijua lugha, kwa utaratibu. Kwanza, asili ya matini ihifadhiwe, na kazi ifanywe katika nakala. Pili, kutafuta kutangulie kubadili: orodha ya yote yaliyopatikana isomwe kabla ya neno hata moja kuguswa. Tatu, kanuni iandikwe kwa sentensi ya Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa alama. Ikiwa sentensi hiyo haiwezi kukamilika bila kutaja maana, ngeli au kina, mabadiliko yafanywe moja moja kwa jicho na mkono. Nne, matini yaliyobadilishwa yasomwe kwa sauti, na ushairi usomwe kwa kuhesabu mizani. Tano, chini ya matini mhariri aandike amebadili nini, ili msomaji ajue yapi ni ya mtunzi na yapi ni yake.

Tena sentensi ile ya tatu yaweza kuwa somo zuri hata katika shule isiyo na umeme. Mwalimu aandike ubaoni: “Kila neno linaloanza kwa ki, badala ya ki weka vi.” Wanafunzi watafute maneno yanayoikataa kanuni hiyo, na waeleze kwa nini yanaikataa. Watakapoyapata kila, kisha na kimya, watakuwa wamejifunza tofauti kati ya kiambishi na silabi kwa njia ambayo hawataisahau.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Waliobuni chombo hiki wako mbali na mbaya yetu ya mizani miwili na mitatu, wala si wajibu wao kuijua. Aliye karibu ni mwalimu, naye ndiye atakayeulizwa siku ambayo mwanafunzi ataleta shairi lililoharibika na kusema kwamba ndivyo alivyolipata darasani.